Mnara wa Canton, Guangzhou: jioni moja na mzee wa miaka 71

Mama Mapazia, 3 Oktoba

Habari zenu wanajukwaa. Nimekuwa nikisafiri kwenda Guangzhou, China, kununua vitambaa vya mapazia tangu mwaka 2015, na katika safari zote hizo Mnara wa Canton nimeuona kupitia dirisha la teksi tu, usiku, nikiwa nimechoka na mfuko wa sampuli umelala mapajani. Kila nikirudi nyumbani Temeke, baba yangu huniuliza swali lilelile: "Na safari hii pia hukupanda?" Mzee huyu alianza na winchi za melini, akamalizia na kreni za gatini katika Bandari ya Dar es Salaam, na kwa hesabu yake mwenyewe alikaa juu miaka thelathini na mmoja. Kwake yeye, mtu anayepita chini ya kitu chenye urefu wa mita 600 bila kukipanda hana tofauti na mtu aliyefika Unguja akarudi bila kukanyaga Forodhani.

Safari hii ninakwenda naye. Viza zimetoka, tiketi za ndege tunazo, na ratiba yetu ni ya kubana. Awamu ya tatu ya Maonyesho ya biashara ya Canton, ambayo ndiyo yenye vitambaa vya nyumbani, itaanza tarehe 31 Oktoba na kumalizika tarehe 4 Novemba, na siku hizo zote mimi nitakuwa mabandani tangu asubuhi. Tarehe 5 ndiyo siku yetu pekee ya kutembea, na hata hiyo asubuhi yake nina miadi ya kukagua mzigo karibu na viwanja vya maonyesho kule Pazhou, kwa hiyo tutakuwa huru kuanzia saa nane mchana. Tarehe 6 tunaondoka. Hoteli yetu iko mtaa wa Xiaobei, kama ilivyo kwa Watanzania wengi.

Naomba ushauri wa watu waliopanda mnara huo kwa miguu yao, maana picha za mtandaoni nimeziangalia za kutosha na zote zinasifia. Ninaona kuna tiketi za majukwaa mbalimbali, jingine la ndani nyuma ya vioo na jingine la wazi juu zaidi, na kuna vile vibanda vya kioo vinavyozunguka ukingoni mwa paa. Je, tofauti ya bei kati ya jukwaa moja na jingine inalingana na tofauti ya kile mtu anachokiona? Ni saa ngapi inayofaa zaidi kwa mtu mwenye jioni moja tu? Mzee hana hofu ya vimo hata chembe, lakini goti lake la kulia linamsumbua. Ngazi chache anapanda kwa kujivuta, ila kusimama kwenye foleni kwa saa nzima hawezi, na hawezi pia kukiri kwamba hawezi.

Mzoefu wa Pazhou, 3 Oktoba

Dada yangu, mfikishie mzee shikamoo yangu kwanza.

Nimepanda mnara huo mara tatu, na mara ya kwanza nililipia kutazama weupe wa maziwa. Ilikuwa Aprili 2018, wakati wa maonyesho ya majira ya machipuko, na wingu lilikuwa limeukalia mnara kuanzia kiunoni kwenda juu. Lifti ikatupeleka ndani ya wingu hilo, milango ikafunguka, na kioo chote kilikuwa cheupe huku matone yakitiririka kwa nje kama kwenye daladala siku ya mvua za masika. Nilichokiona kwa uhakika kule juu kilikuwa sura yangu mwenyewe. Watu walipiga picha hivyohivyo, nami nikapiga, kwa kuwa nauli ya lifti nilikwishailipa.

Kwa hiyo kabla ya kuulizana habari za jukwaa, tuulizane habari za hewa. Guangzhou kuanzia Machi hadi Juni ni mji wa unyevu, ukungu na mvua kubwa. Julai hadi Septemba ni msimu wa tufani kutoka baharini. Kuanzia Oktoba upepo mkavu wa kaskazini huanza kushuka na anga hufunguka. Tarehe yako ni nzuri, ingawa aliyekuchagulia ni ratiba ya maonyesho. Hata hivyo, siku yenyewe ikifika, simameni chini ya mnara na mwinue macho kabla ya kutoa pesa. Kama ncha ya mlingoti inaonekana wazi, pandeni. Kama imemezwa na wingu, nendeni mkale, mrudi baada ya saa moja mwangalie tena, na kama bado imemezwa basi mwambie mzee ukweli na pesa zenu zibaki mfukoni.

Kuhusu saa, mwanzoni mwa Novemba jua la Guangzhou huzama kwenye saa kumi na mbili kasorobo jioni, mapema kidogo kuliko huku kwetu. Mkiwa juu ifikapo saa kumi na moja kamili mtauona mji kwa mwanga wa mchana, mtauona ukibadilika rangi, kisha mtauona ukiwashwa taa, yote kwa tiketi moja. Mimi sijawahi kuambiwa nishuke. Wanaopanda saa mbili usiku hupata taa peke yake, na taa zikitazamwa kutoka juu kiasi hicho, baada ya robo saa, hufanana na taa za mji mwingine wowote.

Sasa majukwaa. Mwili wa mnara unaishia kwenye mita 450 na kitu, na kilichobaki hadi 600 ni mlingoti wa antena, kwa sababu kazi ya msingi ya mnara huu ni kurusha matangazo ya televisheni na redio. Jukwaa la ndani ambalo wengi wetu hulipia liko mita 433, na lile la wazi liko mita 488, kwenye sehemu ya chini ya mlingoti. Bei hupanda kadiri unavyopanda. Mwaka 2019 nililipa yuan 150 kwa jukwaa la mita 433, na la juu lilikuwa ghali zaidi kwa kiasi cha kumfanya mtu ahesabu mara mbili. Ili uone mita 433 ni kitu gani, chukua yale majengo pacha ya mjini ambayo wengi bado tunayaita ya PSPF, yenye mita 150 hivi, uyapange matatu, moja juu ya jingine, na wewe usimame karibu na paa la lile la tatu.

Ushauri wangu ni mita 433, na sababu yangu iko ng'ambo ya mto. Mbele ya mnara, upande wa Zhujiang New Town, kuna jengo la CTF lililokamilika mwaka 2016 lenye urefu wa mita 530. Ukiwa mita 433 unalitazama kwa kuinua macho. Ukiongeza pesa ukafika mita 488, bado unalitazama kwa kuinua macho. Mita 55 za nyongeza hazikuvushi kitu ambacho hukukiona kutoka chini yake, na mto, madaraja na ile Nyumba ya Opera iliyosanifiwa na Zaha Hadid vinaonekana vilevile.

Njia ya kufika ndiyo ninayotaka muizingatie kwa ajili ya lile goti. Kutoka Xiaobei kwa kawaida mtu hupanda metro mstari wa 5 hadi Zhujiang New Town, akabadili kwenda mstari wa 3, kituo kimoja tu, akateremka Canton Tower. Lakini mstari wa 3 saa za jioni hubanana kiasi kwamba mwendokasi wa Kimara utauona kama sebule. Kwa kuwa asubuhi mtakuwa Pazhou, achaneni na metro kabisa: kuna tramu inayopita kando ya mto mbele ya viwanja vya maonyesho na kuishia chini ya mnara. Mlango wake uko sawa na ukingo wa kituo, hakuna ngazi hata moja, na dirishani kuna miti na Mto Zhujiang badala ya ukuta wa handaki.

Bin Kivukoni, 4 Oktoba

Namheshimu aliyetangulia, lakini hapa tutatofautiana. Mtu aliyekaa miaka thelathini na mmoja ndani ya kibanda cha kreni akitazama dunia kupitia kioo, leo mnataka kumrudisha nyuma ya kioo?

Jukwaa la mita 488 halilipiwi kwa ajili ya kuona mbali zaidi. Linalipiwa kwa ajili ya upepo. Mlango unafunguka na hewa inakupiga kifuani, kelele za mji zinafika juu zikiwa zimechujwa hadi kubaki mvumo mmoja tu, na juu ya kichwa chako hakuna dari, kuna mlingoti mwekundu na mweupe unaoendelea kupanda. Mimi si mtu wa bandari, ni dereva wa malori, na bado nilisimama pale dakika arobaini bila kutoa simu mfukoni. Ulizeni getini kuhusu ngazi kwa sababu ya goti, chukueni koti jepesi, na mfahamu kwamba upepo ukizidi au radi ikikaribia jukwaa hilo hufungwa bila majadiliano. Hilo la kufungwa mzee wako ataelewa haraka kuliko sisi sote.

Mchoraji wa Chang'ombe, 4 Oktoba

Ninafanya kazi ya michoro ya majengo, na nilifika Guangzhou mwaka jana nikiwa na sababu tofauti kidogo na zenu, kwa hiyo naomba niongeze jambo ambalo halijaguswa. Mnaujadili mnara huu kama kiti cha kukalia ili kutazama mji. Kwa maoni yangu mnara wenyewe ndio wa kutazamwa, na mtu aliyeshika kreni maisha yake yote atafurahia zaidi akijua unavyosimama kabla hajaupanda.

Kwa mbali unaonekana umepinda, una kiuno chembamba, na wenyeji wameupa jina la utani linalohusu huo wembamba wa kiuno. Wasanifu wake ni Mark Hemel na Barbara Kuit kutoka Uholanzi, wakishirikiana na wahandisi wa Arup, na mnara ulifunguliwa mwaka 2010 kabla ya Michezo ya Asia iliyofanyika mjini humo mwezi Novemba. Jambo la ajabu ni kwamba zile nguzo kubwa 24 zinazouzunguka, ambazo ni mabomba ya chuma yaliyojazwa zege, zimenyooka. Hakuna hata moja iliyopindwa. Kila nguzo imeegemea upande, na pete ya juu imezungushwa ikilinganishwa na ile ya chini, basi. Ule mzunguko ndio unaozaa kiuno.

Ukitaka kumwonyesha mzee kabla ya safari, chukua ufagio wa chelewa. Chomoa njiti ishirini hivi zilizo sawa, zifunge mpira kwenye ncha zote mbili huku ukizitandaza ziwe kama mtungi usio na ukuta, kisha shika chini kwa mkono mmoja na uzungushe juu kwa mkono mwingine. Njiti zitalala upande mmoja na katikati patajikaza kuwa chembamba, ilhali kila njiti imebaki imenyooka kama ilivyokuwa. Mhandisi Mrusi, Vladimir Shukhov, alijenga mnara wa aina hiyo kwa vyuma vyembamba mwaka 1896 kwa ajili ya maonyesho ya Nizhny Novgorod, na tangu hapo watu wameendelea kuurudia ujanja wake, kwa kuwa unatoa umbo la kupinda kwa kutumia vyuma vilivyonyooka, ambavyo ni rahisi kutengeneza na kusafirisha.

Kiuno hicho kina gharama yake. Sehemu nyembamba ndiyo inayoachia mnara uyumbe, na Guangzhou ni mji wa tufani. Ndiyo maana karibu na kilele kuna matangi ya maji, ambayo kazi yake ya kawaida ni maji ya kuzimia moto, lakini yamewekwa juu ya mfumo unaoyawezesha kusogea kinyume na mwendo wa mnara ili kuupunguzia myumbo. Mzee atakuwa anajua vizuri mzigo unaoning'inia unavyoweza kuitikisa kreni nzima; hapa wameutumia uzito huohuo kutuliza badala ya kutikisa.

Kuhusu vibanda vya kioo: viko kumi na sita, vya duara, vinatembea kwenye reli ya ukingo wa paa lililoinama kwenye kimo cha mita 455, na abiria hukaa muda wote. Kwa mwenye goti bovu kukaa huko ni faida. Hata hivyo mwendo wake ni wa kinyonga, na kama jua linapiga kioo utatamani feni. Mimi nisingevilipia. Kile kifaa cha kumdondosha mtu kando ya mlingoti kuanzia mita 485 sikijadili, maana sioni kinahusiana vipi na mtu wa miaka 71, ingawa kwa jinsi ulivyomweleza mzee wako ninakushauri usimwonyeshe bango lake.

Mkishuka, msikimbilie teksi. Vukeni mto. Chini ya mnara kuna treni ndogo ambayo kituo chake cha mwisho kiko hapohapo, inayopita Haixinsha, kile kisiwa palipofanyikia ufunguzi wa Michezo ya Asia, na kuendelea hadi uwanja wa Huacheng. Kutoka uwanjani mnara unaonekana wote tangu mguu hadi ncha, ukiwa umewashwa taa zinazobadilika rangi, na kukaa kwenye benchi ni bure.

Mama Mapazia, 5 Oktoba

Nimesoma yote, na mzee nimemsomea kwa sauti baada ya chakula cha usiku. Ufagio wa jikoni umekwishapungua njiti. Anamshukuru aliyeandika kuhusu matangi ya maji na amesema huyo anastahili kuitwa fundi, kisha akamwuliza Bin Kivukoni anaishi mtaa gani, maana anaona wana akili moja.

Swali langu la mwisho linahusu malipo. Kwenye biashara wakala wangu ndiye hunilipia kwa simu yake nami namrudishia, kwa hiyo sijawahi kujifunza. Siku hiyo wakala hatakuwepo.

Asiyependa Foleni, 5 Oktoba

Maliza jambo hilo ukiwa bado Dar es Salaam. Tangu mwaka 2023 Alipay na WeChat zinakubali kuunganishwa na kadi za Visa na Mastercard za nje ya China, na kadi ya benki ya hapa nyumbani inaweza kutumika ikiwa imeruhusiwa kufanya manunuzi ya mtandaoni. Pakua programu, jiandikishe kwa jina kama lilivyoandikwa kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na uunganishe kadi sasa, kwa sababu benki itakutumia namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya hapa, na ukiwa umeichomoa laini hiyo kule uwanja wa ndege ili uweke ya China utabaki unaitazama programu nayo inakutazama. Mimi nilibaki hivyo.

Bebeni pasipoti halisi, si kivuli chake. Na mkifika chini ya mnara mtakutana na vijana wanaouza tiketi mkononi kwa lugha nzuri sana. Mmoja aliniuzia tiketi ya jukwaa la chini kwa bei ya jukwaa la juu, na nilijua nilipokuwa tayari kwenye lifti. Nunueni kwenye dirisha la mnara wenyewe au kwenye programu. WhatsApp haifunguki kwenye mtandao wa kule, kwa hiyo picha za mzee familia itazipata mtakaporudi, isipokuwa kama utaacha laini yako ya Tanzania iendelee kufanya kazi na kulipia gharama zake.

Mama Mapazia, 10 Novemba

Tumerudi salama, na ninawiwa na taarifa.

Tarehe 5 asubuhi Pazhou ilikuwa na ukungu mwepesi, nami nikakagua mzigo huku jicho moja liko nje. Ilipofika saa saba mchana upepo ukaanza, na saa nane ukungu wote ulikuwa umefagiwa. Tulipanda tramu kama tulivyoshauriwa. Mzee hakutazama mto hata kidogo; alitazama juu, akaniuliza nyaya za umeme ziko wapi, na tulipofika kituo cha pili akagundua mwenyewe kwamba tramu ile huchajiwa pale kituoni wakati abiria wanapanda na kushuka. Vituo vyote vilivyobaki alivipitisha kwa kuhesabu sekunde.

Chini ya mnara tuliinua macho na ncha ilikuwa wazi kabisa. Hata hivyo, dirishani tuliambiwa kwamba jukwaa la wazi na vile vibanda vya kioo vimefungwa kwa sababu ya upepo. Nilimtazama baba nikitegemea kuona huzuni, kwa kuwa mwezi mzima alikuwa akizungumzia mita 488, lakini alitikisa kichwa kwa kuridhika na kusema kwamba na wao upepo wa namna ile walikuwa wanasimamisha kazi, na asiyesimamisha ndiye wa kuogopwa. Malipo yalipita kwa kadi yangu mara ya pili. Mara ya kwanza benki ilikataa bila kueleza sababu. Foleni ya lifti ilikuwa dakika ishirini na tano, na niliutumia ujanja wa kujifanya mimi ndiye niliyechoka, nikaketi kwenye kijukwaa cha saruji, naye akaketi ili asiniache peke yangu.

Tulikuwa mita 433 saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Mzoefu wa Pazhou, lile jengo la CTF nimeliona, na kweli mtu anainua macho. Lakini naomba niseme kwamba kati ya yote niliyoyatazama kule juu, nilichokitazama zaidi ni baba yangu akitazama. Watu wengine walikuwa wamejazana upande wa majengo marefu wakipiga picha. Yeye alikwenda upande mwingine, akaegemeza paji la uso kwenye kioo, na kukaa hapo. Nilipomfuata nikakuta anafuatilia matishari yanayopita mtoni, moja baada ya jingine, akinieleza lipi limepakiwa vibaya kwa kutazama lilivyokaa majini. Kisha akaiona kreni ya ujenzi, mbali sana chini yetu, juu ya jengo ambalo halijamalizika. Kwa macho yangu ilikuwa njiti. Alinyamaza muda mrefu. "Huyo anaijua kazi," akasema hatimaye. "Upepo unamvuta mzigo na yeye hashindani nao, anausubiri." Tulimsubiri pamoja na huyo mtu asiyejua kwamba anatazamwa mpaka mzigo ukatua, na muda huohuo jua lilikuwa linazama nyuma yetu, upande ambao hatukuwa tumegeukia. Kwa hiyo machweo ya Guangzhou kutoka Mnara wa Canton siwezi kuwaelezeni yalivyo. Taa zilipowaka tulikuwa bado palepale, na tulishuka saa moja na robo usiku.

Treni ndogo ya kuvuka mto haina dereva, jambo ambalo Mchoraji wa Chang'ombe hakulitaja na ambalo lilimkera mzee kuliko kitu chochote katika safari nzima. Uwanja wa Huacheng umetulia na mabenchi yapo. Tulikaa hapo tukila mahindi ya kuchemsha, mnara ukibadilika kutoka zambarau kwenda kijani, naye akawa anapima kwa kidole gumba hewani ni nguzo ipi inayoanzia wapi na kuishia wapi. Alizifuata tatu hadi juu kabla shingo haijamchosha.

Kwa anayefikiria kwenda na mzazi, saa zetu nne zilitosha, goti lilivimba kidogo siku iliyofuata, na jumla ya ngazi tulizopanda kwa miguu hazikuzidi kumi na tano. Ule mnara wa chelewa bado uko juu ya kabati la televisheni na sasa una pete za waya alizoziongeza baada ya kurudi. Mzee ameniagiza nimwulize Bin Kivukoni au yeyote anayefahamu: upepo ukifika kasi gani ndipo wanafunga jukwaa la mita 488? Aliuliza getini mara mbili, kwa Kiswahili na kwa ishara za mikono za bandarini, na hakupata jibu la kumridhisha.